Gego jeupe linataka pakavu

Mama Shamim anauza mitumba hapa Busia, upande wetu wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Kenya. Juzi aliniita kwa mkono, na kabla salamu hazijaisha akafungua mdomo kunionyesha gego la chini, kushoto. Palikuwa na shimo la kuingia kichwa cha njiti ya kiberiti, tena mahali pabaya kabisa, pale gego moja linapogusana na jirani yake. Miezi minane nyuma shimo hilo lilizibwa kwa "ile nyeupe", na pesa aliyolipa ingetosha kung'oa meno mawili na kubaki chenji ya chai.

"Mwanangu, waliniwekea feki."

"Ilitoka vipandevipande, Mama, au ilitoka nzima?"

"Nzima! Nilikuwa natafuna hindi la kuchoma, nikasikia kitu kigumu, nikadhani ni punje. Kumbe ni kofia ya jino."

Kwetu kitu kikiharibika, mshukiwa wa kwanza ni feki. Simu feki, mbegu feki, dawa ya mbu feki. Mara nyingine ni kweli. Lakini kijazio kinachotoka kizima kama kofia kinatoa ushahidi wa aina nyingine. Hakikuvunjika wala hakikulika, kiliachia. Dawa yenyewe huenda ilikuwa safi kabisa, ya kiwanda kinachojulikana, tarehe yake haijapita. Kilichokosekana ni pakavu pa kushikia.

Naongea kwa kujiamini kwa sababu nilikaa miaka minne upande wa pili wa kile kiti. Sikuwa daktari. Nilikuwa msaidizi: mshika bomba la kunyonya mate, mchanganya dawa, mpokea simu za lawama. Kliniki ile sitaitaja, na sidhani ilikuwa mbaya kuliko jirani zake. Ila nilichojifunza pale ni kwamba mabishano yote tunayoyasikia kuhusu kijazio cheusi na kijazio cheupe yanaanzia mahali pasipofaa. Tunabishana rangi, wakati gego linaharibiwa na mate, haraka na taa iliyochoka.

Hiyo nyeupe, kompoziti, ni utomvu wa plastiki uliochanganywa na unga laini sana wa kioo. Utomvu wenyewe tunadaiwa na Mmarekani Rafael Bowen, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1962. Ila utomvu peke yake haushiki jino, kama vile rangi isivyoshika bati lenye mafuta. Kabla ya Bowen, mwaka 1955, Michael Buonocore alikuwa ameonyesha njia ya kuufanya ushike: paka jino asidi ya fosforasi, suuza, kausha, na uso wa jino utabaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambamo utomvu utapenya na kugandia humo. Wazo alilitoa viwandani, walikokuwa wakiitumia asidi hiyo ili rangi ishike chuma vizuri. Fundi chuma yeyote wa Katwe, Kampala, angelielewa somo hilo bila kwenda chuo.

Na fundi huyo huyo angekuambia kwamba ukishasugua chuma na kukikausha, mtu asikiguse kwa kidole chenye jasho. Kwenye jino kidole hicho ni mate. Uso uliopakwa asidi na kukaushwa unakuwa mweupe kama chaki, na nimeuona mara nyingi ukipendeza hivyo, kisha mgonjwa anameza, ulimi unapanda, chaki inapotea. Kanuni ni kurudia: asidi tena, maji tena, hewa tena. Mle ndani sikumbuki mara nyingi tuliporudia. Daktari alikuwa akinitazama, mimi namtazama, nje wamekaa watu sita, basi gundi inapakwa juu ya mate na kazi inaendelea. Ikimalizika inang'aa. Mgonjwa anapewa kioo, anacheka, analipa.

Kifaa cha kuzuia hayo kipo, na ni cha zamani kuliko daktari yeyote aliye hai: kipande chembamba cha mpira, kinatobolewa tundu, jino linachomoza kupitia tundu hilo, mdomo mwingine wote unabaki chini pamoja na mate yake. Sisi tulikuwa na boksi moja. Lilitumika kwa matibabu ya mzizi, na hata huko si kila siku. Sababu niliyoisikia ni kwamba wagonjwa hawaupendi. Wagonjwa hawapendi sindano pia, lakini sindano tunachoma.

Halafu kuna taa. Kompoziti haigandi yenyewe kama simenti. Inagandishwa na mwanga wa buluu, kwa kawaida sekunde 20 kwa kila tabaka, na tabaka la kawaida lisizidi milimita 2. Siku hizi ziko aina zinazoruhusu milimita 4 kwa mkupuo. Utomvu unapoganda unasinyaa, kiasi cha asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake, ndiyo maana unawekwa kidogo kidogo ili usijivute kutoka kwenye kuta za shimo. Sasa fikiria shimo la Mama Shamim, refu, linateremka katikati ya magego mawili hadi karibu na ufizi. Ncha ya taa inabaki juu, mbali na sakafu, na mwanga unapungua kadiri unavyosafiri. Tabaka la chini kabisa, ambalo ndilo lingeziba mlango wa wadudu, ndilo linalopata mwanga hafifu kuliko yote. Juu pakigongwa kwa kifaa panalia ko-ko-ko, pagumu. Chini pamebaki pa mpira.

Taa zenyewe huchoka kimyakimya. Ya kwetu ilikuwa ya betri, tuliisifu kwa sababu umeme ukikatika yenyewe inaendelea. Iliendelea, naam. Ncha yake ilikuwa na madoa ya utomvu uliogandia pale, na sikuwahi kuona mtu akiupima mwanga wake. Kipimo cha kazi hiyo ni kidogo cha kuingia mfukoni. Taa iliyofifia macho hayaitambui. Buluu ni buluu tu.

Na pale chini karibu na ufizi kuna mtihani mwingine. Gamba gumu la nje la jino, enameli, linakuwa jembamba au halipo kabisa, na gundi inabidi ishike dentini, ambayo ina unyevu wake wa asili. Ufizi uliovimba unavuja damu ukiguswa. Unatakiwa kufunga kibati chembamba kuzunguka jino, kupigilia kabari ya mti ili kibati kibane, kisha kujaza. Kabari ikilegea, nyama choma itanasa hapo kila Jumamosi hadi mwenye jino atakapokata tamaa. Kompoziti haisukumiki kama amalgamu, kile kijazio cheusi. Ukiishindilia inarudi, kwa hiyo kugusana kwa magego kunategemea kibati na kabari. Mtu anayelalamika kwamba "tangu walizibe chakula kinaingia" hana shida ya dawa. Ana shida ya kabari.

Yote haya amalgamu, ile nyeusi ya fedha, ilikuwa inayasamehe. Si kwamba ilikuwa dawa bora, ila ilikuwa na subira. Mate kidogo haikujali sana, haikutaka taa, uliishindilia kwa nguvu ikakaa. Gharama yake ilikuwa kuchimba zaidi, hata sehemu ya jino isiyooza, ili ipate kona za kujishikia, maana gundi haina. Kijazio cheupe kinachimba kidogo tu, kinatoa kilichooza na kuacha kizima, na kikivunjika pembeni kinaweza kuongezewa bila kutolewa chote. Hilo ni jambo kubwa, na ndiyo sababu mimi mwenyewe nina gego moja jeupe na sijutii. Alinizibia bosi wangu, Jumapili, hakuna foleni, mpira umewekwa. Ilichukua saa nzima. Huu mwaka wa kumi na moja.

Lakini tofauti ya subira hizo mbili imepimwa. Katika jaribio la watoto wa shule za Casa Pia, Lisbon, walifuatiliwa watoto waliozibwa meno ya nyuma kwa amalgamu na wengine kwa kompoziti. Baada ya miaka 7, vijazio vya amalgamu vilivyokuwa bado vizima vilikuwa asilimia 94.4, vya kompoziti asilimia 85.5, na kilichoviangusha zaidi vile vyeupe kilikuwa jino kuoza upya pembeni mwa kijazio. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyosasishwa mwaka 2021, yalikuta hatari ya kompoziti kushindwa kwenye meno ya nyuma inakaribia mara mbili ya amalgamu, ingawa wenyewe wanakiri ushahidi wao si wa uhakika mkubwa. Mtu atasema hizo ni dawa za miaka ya 1990, za leo zimeboreka. Kweli zimeboreka. Mate hayajaboreka.

Kama hesabu ingeishia hapo, ningesema tubaki na nyeusi, tumalize. Tatizo ni kwamba nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, na Busia hatuhitaji kuelezwa zebaki ni nini. Kule Tiira vijana wanaikoroga kwa mikono na udongo wa dhahabu, kisha wanaichoma motoni. Mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti unaitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambao watu wake waliharibiwa mishipa ya fahamu na samaki waliobeba zebaki ya kiwanda. Ulikubaliwa mwaka 2013, ukaanza kufanya kazi mwaka 2017, na Uganda ikauridhia mwaka 2019. Mwaka 2022, huko Bali, nchi wanachama zilikubaliana amalgamu isitumike kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Novemba 2025, Geneva, wakaweka mwisho kabisa: 2034.

Hofu iliyoandikwa kwenye mkataba ni ya mazingira zaidi kuliko mdomo wa mgonjwa. Zebaki inayomwagwa kwenye sinki la kliniki haipotei, inafuata mtaro. Nasisitiza hili kwa sababu imezuka biashara mbaya. Watu wenye vijazio vyeusi vizima, vya miaka 20, wanaambiwa vina sumu na vitolewe leo leo, viwekwe vyeupe. Kukichimba kijazio kizima ndiko kunakotoa mvuke wa zebaki kwa wingi, na kila kikitolewa jino linapoteza ukuta kidogo. Kama hakiumi na hakijapasuka, kiache. Daktari anayekiona kizuri na bado anataka kukitoa amekuangalia mfukoni.

Kwa hiyo nyeusi inaondoka, itake isitake, na nyeupe inayobaki haisamehi. Ndipo linapokuja swali ambalo madaktari wetu hawalisemi kwa sauti: nyeupe ipi? Maana ziko mbili, na mgonjwa wa kawaida hajui. Ya pili ni glasi ayonoma, iliyovumbuliwa na Alan Wilson na Brian Kent kwenye maabara ya serikali London na kutangazwa mwaka 1972. Hii ni unga na maji ya asidi, inaganda yenyewe bila taa, inashika jino moja kwa moja kikemia bila ule mlolongo wa asidi na gundi, inavumilia unyevu kuliko kompoziti, na inatoa floraidi polepole. Rangi yake haina mng'ao, inafanana na chokaa iliyokaa. Ukiiweka jino la mbele mtu atalalamika. Gego la nyuma kabisa nani anakuja kulitazama?

Na tunaijua njia yake hapa hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania, Jo Frencken na wenzake wa skuli ya meno ya Dar es Salaam walianza kutibu meno yaliyooza kwa vifaa vya mkono tu: kukwangua kilichooza laini, kujaza, kukandamiza kwa kidole. Hakuna mashine, hakuna umeme. Baadaye glasi ayonoma ndiyo ikawa dawa ya njia hiyo, na dunia nzima ikaifuata. Shirika la Afya Duniani liliiingiza glasi ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Jambo lililoanzia jirani yetu tunalidharau, pengine kwa sababu tulilizoea kuliona shuleni likifanyiwa watoto maskini.

Ina udhaifu wake, nami nimeuchanganya kwa mikono yangu. Unga ukiwa mchache na maji mengi inakuwa uji, inajazika vizuri na kuvunjika upesi. Chupa ya unga ikiachwa wazi inavuta unyevu. Baada ya kujaza inatakiwa ipakwe vanishi, au vaselini tu, isikauke wala isilowe mapema. Kwenye shimo la juu ya gego, lililozungukwa na kuta pande zote, inakaa miaka. Kwenye shimo kama la Mama Shamim, linalokula pembeni, inavunjika mapema zaidi kwa sababu haina nguvu za kubeba pembe. Pale madaktari wenye mikono mizuri wanafanya mchanganyiko: glasi ayonoma chini, karibu na ufizi, penye unyevu na mwanga hafifu, kisha kompoziti juu penye kutafuna. Kila dawa inapewa mahali inapopaweza. Ni njia ya zamani, haina matangazo, na inataka muda.

Muda ndio kiini cha mambo, nao una bei. Kwenye kliniki za binafsi kijazio kinalipiwa kwa jino, bila kujali dakika. Anayefanya kwa dakika 15 na anayefanya kwa dakika 50 wanapokea pesa ileile, na wa kwanza anahudumia watatu wakati wa pili anamhudumia mmoja. Kisha mwenye kliniki anashangaa kwa nini mpira unaoza kwenye boksi. Na kwa kuwa mgonjwa haoni mate wala hapimi taa, anachoweza kuona ni rangi, basi rangi ndiyo inayouzwa. Nimewahi kuona dakika kumi zikitumika kulinganisha kile kipande cha sampuli ya rangi, A2 au A3, kwa gego ambalo hata mume wa mgonjwa hajawahi kuliona, kisha dakika mbili za kukausha.

Hospitali za serikali hali ni tofauti lakini haifarijishi. Ada ziliondolewa mwaka 2001, na huduma inayopatikana kwa hakika zaidi ni kung'olewa. Wanaobeba kazi vijijini ni maofisa wa meno wa diploma, wengi wao waliosomea Mulago, wala si daktari wa shahada kutoka Makerere. Hawa ndio tunaowaandalia 2034. Ukiwapelekea kompoziti bila taa ya kuaminika, bila mpira, bila bomba la mate linalovuta, umewapelekea aibu. Dawa yenyewe nyingi zinataka kuhifadhiwa chini ya nyuzi 25, na stoo yenye paa la bati kule Moroto haiwezi kuahidi hilo. Kama ningepewa kalamu ya kuagiza kwa niaba ya Bohari ya Taifa ya Dawa, ningejaza glasi ayonoma nzito kwanza, vifaa vya mkono, kabari na vibati, halafu mpira. Kompoziti ningeipeleka mwisho, na pale tu ambapo mtu wa kupima taa ana jina.

Wapo watakaosema nawanyima watu wa vijijini kitu kizuri cha mjini. Nimelisikia hilo kwa daktari mmoja kijana, rafiki yangu, tulikuwa tunakula rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, pale Wandegeya. Nikamuuliza magego mangapi aliyoyaziba mwaka juzi yamerudi. Akasema hajui, hawarudi kwake, wanaenda kwa mwingine. Chapati ilipoa.

Nilimwambia Mama Shamim arudi kwa aliyemziba, kwa sababu jino bado lina ukuta wa kutosha na halijaanza kuuma usiku, lakini asiulize kama dawa ni ya China. Aulize ataweka nini chini na nini juu, na kama ataweka mpira.

"Mpira gani tena? Nisije nikachekwa."

"Wa kufunika mdomo, Mama. Waambie mwanao amesema."

Alienda Jumatatu. Anasema daktari alicheka kidogo, akamwita msaidizi, wakafungua kabati la chini na kutafuta muda mrefu. Boksi lilikuwa bado na ile nailoni yake ya dukani.